Albamu ya Fumo Liyongo kati ya Mombasa na Muscat: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tuachie vibao viwili vya mwanzo vya albamu yetu ya progressive rock, maswali yamekuwa yale yale, na kila mara tunayajibu upya kwenye simu. Tumeona tuyaweke mahali pamoja. Anayejibu hapa ni mimi wa Mombasa, mpiga gitaa na mwimbaji. Mwenzangu aliyeko Muscat, mwenye vinanda na ngoma, ameyasoma majibu yote na kupinga alipotaka kupinga.

Albamu yenyewe inahusu nini?

Inamhusu Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini, kuanzia uhasama wake na Sultani wa Pate hadi alipokata roho karibu na kisima, goti moja chini na mshale umepachikwa kwenye uta. Kisa tumekifuata kama kinavyosimuliwa katika utendi: mkoma (mti wa makoma), kifungo, mkate wenye tupa (chombo cha kukerezea chuma) ndani, kutoroka, mwana msaliti aliyemchoma kwa sindano ya shaba. Hatukumtafutia mwisho mwema. Kuna kibao kimoja kirefu cha dakika 20 hivi, kile cha gerezani. Vingine ni vya urefu wa kawaida, kwa kipimo cha muziki huu.

Progressive rock (kwa kifupi prog) ni muziki gani?

Ni roki iliyokataa kubanwa ndani ya dakika tatu. Ilishamiri Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa vikundi kama King Crimson, Yes na Genesis. Kibao kinaweza kuwa na sehemu nne au tano zinazopokezana, mapigo hayakai nne kwa nne muda wote, vinanda vina nafasi sawa na magitaa, na mara nyingi albamu nzima husimulia jambo moja. Kama umelelewa na taarabu ya zamani, ambayo ala hupiga bashraf kwanza huku mwimbaji amekaa kimya akingoja zamu yake, hutapata taabu.

Kwa nini Liyongo, na si miungu ya Wagiriki kama wengine?

Kwa sababu Wagiriki wameimbwa wakatosha. Genesis waliimba kisa cha Salmacis na Hermaphroditus mwaka 1971, Rush wakawagombanisha Apollo na Dionysus mwaka 1978, na Rick Wakeman akamaliza habari za Mfalme Arthur kwa albamu nzima mwaka 1975. Wafini nao wana Kalevala yao, ambayo mwaka 2003 ilitolewa katika CD tatu, kila kikundi kikapewa sehemu yake ya utenzi. Hiyo ya Wafini ndiyo iliyotutia hamu. Tukajiuliza, sisi tunangoja nini?

Tena Liyongo ana kitu ambacho mashujaa wengi hawana: mwenyewe ni mtu wa ngoma na mashairi. Hakutoka gerezani kwa misuli, ingawa misuli alikuwa nayo. Alitoka kwa wimbo. Ukitaka kisa cha kutilia muziki, hapo umeshapewa nusu ya kazi.

Halafu kuna vituko. Mkoba wake peke yake unastahili kibao: kinatoka kinu, unatoka mchi, vinatoka vyungu, yanatoka mafiga, watu wametumbua macho. Na panda lake (baragumu), alilolipuliza mara tatu likapasuka. Mwenzangu ameandika sehemu ya vinanda ambamo kila kinachotoka mkobani kina sauti yake na kila sauti inakuja chini zaidi kuliko iliyopita, mpaka mafiga yanapotua kwenye besi. Watoto wa nyumbani kwake ndio wanaoipenda kuliko zote.

Liyongo aliishi kweli?

Wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa juu ya wakati wake, na wapo wanaomwona ni mtu wa hadithi tu. Kisa chake kilichapwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere, na watu wa Ozi na Kipini, kwenye mlango wa Mto Tana, wameonyesha kaburi lake kizazi baada ya kizazi. Kwa kazi yetu hayo yanatosha.

Mnapigaje pamoja, mmoja akiwa Mombasa na mwingine Muscat?

Hatupigi pamoja. Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na wengi hudhani tunafungua simu ya video, tunahesabu moja mbili tatu, tunaanza. Haiwezekani, na sababu si ubovu wa intaneti bali umbali wenyewe.

Waya wa intaneti wa TEAMS uliolazwa chini ya bahari kutoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, una urefu wa karibu kilomita 5,000. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hata kama mitambo yote mingine ingefanya kazi papo hapo, sauti yangu ingetumia milisekunde 25 kufika upande wa pili wa waya, na jibu lake milisekunde 25 nyingine kurudi. Ongeza kifaa cha sauti kwangu, kifaa cha sauti kwake, na mitambo yote ya njiani. Wapigaji wengi huanza kuyumba ucheleweshaji wa upande mmoja ukikaribia milisekunde 30, ambazo ni sawa na kusimama mita 10 kutoka kwa mwenzako. Kila mmoja anamsikia mwenziwe amechelewa, anapunguza mwendo kumngoja, na wimbo unalala. Programu kama JackTrip na Jamulus zimetengenezwa kwa shughuli hii, na kwa watu wa mji mmoja zinafaa sana. Kutoka Kilindini hadi Ghuba ya Oman, hapana.

Basi tunapokezana. Mmoja anarekodi, anatuma, mwingine anarekodi juu yake. Faida yake ilionekana Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikakaa na intaneti ya kusuasua. Sisi kila mtu aliendelea na kipande chake.

Nani anaanza?

Maneno ndiyo yanayoanza. Kabla hata ya ala moja kurekodiwa, tunatengeneza kitu tunachokiita ramani: faili la programu ya kurekodia lisilo na muziki wowote, lenye mlio wa kuhesabia mapigo tu. Ndani yake kila kipimo (fungu moja la mapigo) kimeandikwa idadi ya mapigo na mwendo wake, tangu cha kwanza hadi cha mwisho. Juu ya mlio huo nasoma beti. Nasoma, siimbi. Nikiimba mapema, mwenzangu atafuata sauti yangu badala ya maneno, na kila atakachokijenga kitakuwa kimefungwa kwenye lahani niliyoibuni bila kufikiri.

Ramani ikikubaliwa haibadilishwi ovyo. Hapa ndipo wanamuziki wawili walio mbali wanapotofautiana na kundi lililo chumba kimoja. Mkiwa pamoja mnaweza kuanza bila kujua mnakokwenda, mtu akageuza shingo, mwingine akaelewa kwamba sasa tunabadilisha. Shingo haionekani kwenye faili la sauti la WAV. Kinachoamuliwa kwa jicho mazoezini, sisi inabidi tukiamue kwa maandishi, na mapema. Kundi moja la vijana wa Nairobi lilitwambia huo ni urasimu. Kweli, ni urasimu, lakini ndio uliotuwezesha kuwa na kibao cha dakika 20 chenye mapigo yanayobadilika kila mara na bado ala zote zikatua pamoja.

Hata maoni tunapeana kwa namba: "kipimo cha 112, pigo la tatu, gitaa limewahi." Ukimwandikia mwenzako "pale penye huzuni punguza kidogo", atakuuliza huzuni ipi, na jioni imekwisha.

Mizani za tenzi zinakaaje kwenye mapigo ya prog?

Swali zuri kuliko yote, na kama una haraka ruka mengine usome hili.

Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kipande mizani (silabi) 8. Ukiipa kila silabi nusu pigo, unapata kipimo kizuri cha nne kwa nne, na hapo ndipo hatari ilipo: baada ya beti kumi msikilizaji anasinzia. Dawa tuliyoitumia ni kuongeza pumzi. Mizani 8 na pumzi moja ni 9, na ghafla una mwendo wa 9/8, yaani nusu pigo tisa katika kila kipimo, ambao hausikiki kama hesabu ya kulazimisha, kwa sababu msomaji wa tenzi naye huvuta pumzi mwisho wa kipande.

Lakini hazina yenyewe haiko kwenye utendi. Iko kwenye ule wimbo ambao Liyongo, akiwa kifungoni, anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake. Mishororo yake ina mizani 15, na imekatwa mahali pawili: 6, kisha 4, kisha 5. Mwanamuziki yeyote wa prog akiona 6 na 4 na 5 atasema huyu ametuandikia 15/8. Vikundi vya Ulaya vilihangaika kutafuta mapigo ya namna hii kwa kusikiliza Stravinsky na muziki wa Balkani. Sisi yamo kwenye vinywa vya bibi zetu.

Sasa angalia mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mshororo wa 6, 4, 5, ukichukulia kila kipande kinaishia mwisho wa neno, mkazo utaangukia silabi ya 5, ya 9 na ya 14. Hapo ndipo ngoma kubwa inapopigwa katika kibao chetu: 5, 9, 14. Mara ya kwanza mwenzangu aliiweka kwenye 1, 7 na 11, yaani mwanzo wa kila kipande, kama roki inavyotaka. Kihesabu ilikuwa sawa kabisa, lakini maneno yalisikika kama yanasemwa na mgeni. Tulipoisogeza ikafuata mkazo, ngoma ikawa inazungumza na mwimbaji badala ya kumsukuma.

Tahadhari moja kwa watakaojaribu: mizani ni hesabu ya silabi, si hesabu ya muda. Malenga anapoimba kwa mdomo hurefusha silabi hii na kukatisha ile apendavyo. Kuipa kila silabi nusu pigo ni uamuzi wetu wa kisasa, na katika beti za mama mtu akimlilia mwanawe tumeuacha kabisa. Pale ala zinanyamaza, hakuna mlio wa kuhesabia, na sauti inakwenda inavyotaka.

Ile sauti ya kukwaruza kwenye kibao cha gerezani ni ya nini? Wengine tulidhani spika zimeharibika.

Spika zako nzima. Hiyo ni tupa.

Wanaokijua kisa wanakumbuka: mkate uliobebwa na Saada ulikuwa wa wishwa (makapi ya nafaka), ili walinzi, waliozoea kula vinono vyote vinavyoletwa, waudharau wampe mfungwa wenyewe. Ndani yake mlikuwa na tupa. Liyongo akaomba apigiwe gungu (ngoma ya karamu ya pwani) la kumuaga, na matoazi na ngoma zilipopamba moto akawa anakereza minyororo. Watu wanaimba, yeye anakereza, na hakuna anayesikia.

Tumeichukua picha hiyo tukaigeuza kuwa utaratibu wa mitambo. Nilifunga kipande cha nondo kwenye jiliwa, nikaikereza kwa tupa kuukuu huku maikrofoni iko shubiri moja juu yake. Tupa mpya ilikuwa na mlio mkali uliopenya kila kitu, hivyo isingefaa kwa siri. Halafu mwenzangu akaweka lango la sauti kwenye rekodi hiyo na kuliunganisha na ngoma: ngoma zikiwa kubwa lango linafunguka na tupa inapita, ngoma zikishuka linafunga. Maana yake ni kwamba tupa inafanya kazi pale tu ambapo ni vigumu kuisikia. Ukisikiliza kwa spika za simu hutaijua. Kwa hedifoni utahisi kuna kitu kinapumua chini ya matoazi.

Isipokuwa mahali pamoja. Ngoma zinakata ghafla, na lango tumelichelewesha kidogo kufunga, makusudi, hivyo tupa inabaki uchi kwa nusu ya kipimo. Kisha kimya. Kisha gungu linarudi kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo sauti mliyoandikia mkilalamika, na haitaondolewa.

Panda na siwa mmezipata wapi?

Siwa, yale mabaragumu makubwa ya enzi, hatukugusa. Ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu ni mali ya makumbusho, si vitu vya kwenda kuazima. Mlio wa panda ni tromboni mbili zilizopunguzwa kasi, na ule mpasuko wa mara ya tatu ni gunia la mkonge linalochanwa.

Mnatumiana mafaili ya aina gani?

WAV, biti 24, kilohezi 48 (yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde), na kila faili linaanzia kipimo cha kwanza hata kama gitaa lenyewe linaingia dakika ya 14. Hilo la mwisho linawaudhi watu kwa sababu ya ukubwa, lakini ndilo linaloondoa maswali: unaliburuta hadi sifuri na kila kitu kimekaa.

Hesabu ni hii. Sauti ya maikrofoni moja kwa kiwango hicho inakula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Kibao cha dakika 20 chenye rekodi 40 ni karibu gigabaiti 7. Kwa bando la simu hizo si pesa za mchezo. Kwa hiyo wakati wa kujaribu mawazo tunatumiana MP3 moja tu ya mchanganyiko mzima, megabaiti 50 hivi, na WAV zinasafiri mara moja, kazi ikiwa imekubaliwa. Vinanda na ngoma za kompyuta tunatuma MIDI, yaani maagizo ya noti bila sauti yenyewe, ambazo hazifiki hata uzito wa picha moja ya simu.

Chunga kilohezi. Faili la 44.1 likifunguliwa ndani ya kazi ya 48 bila kubadilishwa, linakwenda mbio na kupanda karibu nusutoni moja na nusu. Mwimbaji atadhani gitaa limefungwa vibaya, mpiga gitaa atadhani mwimbaji amechoka.

Si mtumiane tu kwa WhatsApp?

Inawezekana, ukituma kama hati. Tangu 2022 inapokea hati hadi gigabaiti 2, na hati haiguswi. Ukituma kama sauti inabanwa, na kilichobanwa hakirudi. Pia MP3 nyingi huongeza kimya cha milisekunde kadhaa mwanzoni, kwa hiyo usirekodi ala juu ya MP3 halafu ukaipachika kwenye WAV ukitarajia zipatane. Zitapishana kidogo tu, kiasi cha kukukera bila kujua kinachokukera.

Ngoma ni za mtu au za kompyuta?

Zote mbili. Seti ya roki inapigwa Muscat kwenye pedi za elektroniki, kwa sababu mwenzangu anaishi ghorofani na ana majirani. Chapuo, vumi na matoazi zimerekodiwa Mombasa na wapigaji wa hapa, wakisikiliza ramani kwenye hedifoni. Mzee mmoja aliivua hedifoni baada ya vipimo vichache akasema mlio ule unamtia wazimu, yeye afuate maneno. Tukamwachia sauti ya beti peke yake. Akapiga 15 zile bila kuhesabu hata mara moja.

Mkikosana mnaamuaje?

Kila mtu ana himaya yake. Maneno na mtiririko wa kisa, neno la mwisho ni langu. Vinanda, kodi (noti zinazopigwa pamoja) na miksi, ni lake. Mapigo tunagawana, ndiyo maana tunagombania mapigo. Kosoa kwa maandishi, sifia kwa sauti: huo ndio utaratibu, maana uso wa mtu kwenye simu ya video unaganda wakati mbaya kweli kweli. Tunazungumza Jumamosi tu. Saa hazitupi shida, Muscat wametutangulia kwa saa moja, lakini wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi na yetu ni Jumamosi na Jumapili.

Aliwahi kuifuta solo yangu nzima ya kisimani akaacha noti nne. Nilikasirika. Sikilizeni kibao cha mwisho mseme wenyewe nani alikuwa na haki. Mimi na yeye hatujakubaliana hadi leo.

Kuna waliowahi kufanya hivi kabla yenu?

Wengi. Wamarekani wawili wa The Postal Service, mmoja Los Angeles na mwingine Seattle, walitumiana kanda za dijitali kwa posta na albamu yao ikatoka 2003. Jina lenyewe liliwaletea barua kutoka kwa mawakili wa posta. Kwenye prog, Jon Anderson na Rick Wakeman walitoa albamu mwaka 2010 ambayo Wakeman alikuwa akituma muziki na Anderson akitia maneno na sauti. Anderson huyo huyo, akiwa California, akafanya nyingine na Roine Stolt wa Sweden iliyotoka 2016. Ukisikiliza hizo mbili utaona njia ni mbili: ya kwanza ni kinanda na sauti, nafasi kubwa, hewa nyingi, ya pili imejazwa ala kama sherehe. Sisi tumeegemea ya pili, na pengine tumeijaza kupita kiasi.

Kuchanganya utendi na magitaa si kuuvunjia heshima? Wengine wanauliza pia kuhusu dini.

Tumeulizwa hili na watu wazima tunaowaheshimu, kwa hiyo tunajibu kwa adabu. Kisa cha Liyongo si maulidi wala si qasida; ni habari za shujaa, na ndani ya kisa chenyewe mna gungu, matoazi na nyimbo. Beti za dua zinazofungua na kufunga utendi hatukuzitia ala. Tumeziacha nje ya albamu kabisa. Anayeona bado haifai, hatubishani naye.

Haki zimekaaje? Liyongo ni wa nani?

Kisa ni cha watu wa pwani, hakina mwenyewe mmoja. Lakini maandishi ya utendi yaliyohaririwa na mtaalamu yana jasho la mtu, na tafsiri pia. Ndiyo maana tumetunga beti zetu kwa kufuata kisa na mizani, badala ya kunakili kitabu. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, kwa hiyo mtu asidhani "cha jadi" maana yake ni "cha bure". Haki ya mtunzi kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa.

Kati yetu wawili tuna karatasi ya mgawo kwa kila kibao: nani ametunga maneno, nani muziki, asilimia ngapi, sahihi mbili. Tuliiandika kabla hakujawa na shilingi wala baisa. Fanyeni hivyo hata kama mwenzako ni ndugu yako wa tumbo moja. Hasa kama ni ndugu yako. Wapigaji wa ngoma walilipwa siku ile ile na majina yao yameandikwa kwenye jalada.

Kibao cha dakika 20 kinalipa?

Kwenye Spotify, kusikilizwa kunahesabiwa baada ya sekunde 30, na malipo hayaangalii urefu. Kibao cha dakika 20 kinahesabiwa mara moja, sawa na cha dakika mbili. Zaidi ya hapo, tangu 2024 kibao kisichofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 hakilipwi kitu. Tulishauriwa tukikate cha gerezani vipande sita. Tumekataa, maana pale ngoma zinapokata ndipo simu ingetia kimya chake, na tupa ingeharibika.

Kwa hiyo tunauza Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambako mauzo ya kidijitali hukatwa asilimia 15 mwanzoni, na Kenya unaweza kuhamisha kutoka PayPal hadi M-Pesa. Si utajiri. Sahani za santuri ziko kwenye mipango, na kibao kirefu kilipimwa tangu mwanzo kitoshe upande mmoja.

Mtapiga jukwaani lini?

Bado. Wawili hawatoshi, na anayeweza kuimba mizani 15 huku anapiga gitaa si mimi.

Naweza kushiriki?

Tunatafuta mpiga zumari kwa kibao cha makoma, pale wenzake wanapopanda mkoma kwa zamu na Liyongo akiwa chini anaangua kwa mishale. Usitume kibao kizima. Pakua ramani, rekodi sekunde 60 kuanzia kipimo cha kwanza, kilohezi 48, bila mwangwi wowote, utume kama hati. Andika pia zumari yako imefungwa kwenye sauti gani, maana zumari hazikubali kupangwa upya na ni afadhali vinanda viifuate yenyewe.